Moyo ukipiga ovyo, usiache mbachao kwa msala upitao

IWAPO wewe, mpenzi msomaji, au jamaa yako anasumbuliwa na moyo unaopiga ovyo, ukatulia, kisha ukarudia tena, yamkini umeshasimuliwa habari za tiba mpya. Inasemwa kuwa siku hizi madaktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi ndani ya moyo, wakaitafuta mishipa ya fahamu inayouchokoza, wakaiunguza, na mgonjwa akarudi nyumbani mzima. Habari hizi zina ukweli ndani yake. Lakini ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayoweza kumfanya mtu auze ploti yake ya Kitengela au ng'ombe wake wa Mashuuru kabla hajaulizia nusu ya pili.

Hoja ya makala haya ni moja. Tiba ya kulenga mishipa ya fahamu ya moyo inastahili kuheshimiwa na kuendelea kuchunguzwa, lakini haijafikia hadhi ya kukimbiliwa. Wakati huo huo yapo mambo ya bei nafuu, yaliyothibitishwa kwa miaka mingi, ambayo yangewaokoa watu wetu na kiharusi. Hayo ndiyo tunayopaswa kuyadai kwanza, kuanzia zahanati ya kijijini hadi hospitali ya kaunti pale Kajiado.

Ugonjwa wenyewe

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu na viwili vya chini huisukuma. Mpigo wa kawaida huanzia sehemu ndogo iliyo katika chumba cha juu cha kulia, ambayo hutoa cheche ya umeme mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Katika ugonjwa tunaouzungumzia, ambao madaktari huuita fibrilesheni ya atria, cheche huzuka kila upande. Vyumba vya juu huacha kubana kwa pamoja na kubaki vikitetemeka.

Mgonjwa huhisi moyo unadunda, pumzi inakatika, kichwa kinazunguka au mwili umechoka bila sababu. Wengine hawahisi lolote, na hapo ndipo pana hatari. Damu isiyosukumwa vizuri hutuama, ikaganda, na bonge moja likichomoka huenda kuziba mshipa wa damu wa ubongo. Mwenye ugonjwa huu hukabiliwa na hatari ya kiharusi takriban mara tano zaidi ya asiye nao.

Hapa inafaa tuelewane kuhusu neno moja. Kiswahili hutumia neno mshipa kwa bomba linalopitisha damu na pia kwa uzi unaopitisha fahamu. Kwa sababu hiyo wagonjwa wengi hudhani kuwa "kutibiwa mishipa ya moyo" ni kuzibua mahali palipoziba. Sivyo. Tiba tunayoijadili haizibui kitu. Huharibu kwa makusudi vifundo vya nyuzi za fahamu vilivyojificha ndani ya mafuta yanayouzunguka moyo, hasa pale mishipa ya damu kutoka mapafuni inapoingilia.

Kwa nini mishipa ya fahamu?

Moyo hupokea amri za pande mbili. Upande mmoja huuhimiza, kama unapokimbia au kushtuka. Upande wa pili, kupitia mshipa wa fahamu uitwao vagasi, huutuliza. Vagasi ikizidi nguvu, misuli ya vyumba vya juu hupata nafuu upesi mno baada ya kila cheche, na cheche hupata nafasi ya kuzunguka bila kukoma. Ndiyo maana wapo watu ambao moyo wao huanza vurugu usiku wamelala au baada ya mlo mzito, na wengine huanza wakiwa na wasiwasi au wakifanya kazi ngumu.

Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa cheche nyingi zinazoanzisha ugonjwa huu hutoka kwenye midomo ya mishipa ya damu ya mapafu. Tangu hapo tiba kuu ya mrija imekuwa kuunguza duara kuizunguka midomo hiyo ili cheche isivuke. Mwaka 2004 kikundi cha Carlo Pappone wa Italia kilitoa taarifa kwamba wale ambao vifundo vyao vya fahamu viliunguzwa pamoja na duara hilo walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kurudi. Hapo ndipo swali lilipozuka: mbona tusilenge vifundo vyenyewe?

Majaribio yalisema nini?

Jaribio lililochapishwa mwaka 2013, likiongozwa na Demosthenes Katritsis wa Ugiriki, liliwagawa wagonjwa 242 mafungu matatu. Baada ya miaka 2, waliounguzwa duara pekee walikuwa salama kwa asilimia 56, waliounguzwa vifundo pekee asilimia 48, na waliofanyiwa yote mawili asilimia 74. Utaona kuwa kulenga mishipa ya fahamu peke yake hakukushinda tiba ya zamani. Faida ilipatikana katika kuviunganisha vitu viwili.

Mwaka 2016 yakaja matokeo ya jaribio la AFACT la Amsterdam, Uholanzi. Wagonjwa 240 ambao ugonjwa wao ulikuwa umekomaa walifanyiwa upasuaji wa kifua kupitia matundu madogo. Nusu yao waliunguzwa vifundo vya fahamu pia, nusu wakaachwa navyo. Mwaka mmoja baadaye hapakuwa na tofauti ya maana: asilimia 71 kwa 68. Tofauti ilionekana kwenye madhara. Kutokwa damu kwingi kuliwapata wagonjwa 9 wa kundi lililounguzwa vifundo na hakukumpata hata mmoja wa kundi jingine, na waliohitaji kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo walikuwa wengi zaidi katika kundi lile lile la kwanza.

Wengine wakaiendea mishipa ya fahamu ya figo, ambayo huchangia kupandisha shinikizo la damu. Jaribio la ERADICATE-AF la mwaka 2020, lililofanyika Urusi, Poland na Ujerumani kwa wagonjwa 302 wenye presha, lilionyesha kuwa walioongezewa tiba hiyo ya figo walibaki salama kwa asilimia 72 baada ya mwaka, dhidi ya asilimia 57 ya wasioongezewa. Matokeo ni mazuri, lakini presha yao ilishuka pia. Je, moyo ulitulizwa na kuunguzwa kwa neva za figo, au na presha iliyopata dawa yake? Swali hilo lina uzito kwetu, maana presha inaweza kushushwa kwa vidonge.

Ipo pia njia isiyounguza kitu. Kichomeo kidogo cha umeme hubanwa sikioni, mahali tawi la vagasi linapopita karibu na ngozi, kwa saa moja kila siku. Katika jaribio la Oklahoma, Marekani, lililochapishwa mwaka 2020, muda ambao moyo ulikaa katika vurugu ulipungua kwa asilimia 85 ukilinganishwa na wale waliobanwa kifaa mahali pasipo na tawi hilo. Lakini waliojaribiwa walikuwa watu 53 tu. Idadi hiyo inatosha kutia matumaini, haitoshi kuandikia taifa zima dawa.

Jambo la mwisho ndilo linaloitia tiba hii shaka kubwa zaidi. Siku hizi mahali pa moto pamechukuliwa na mipigo mifupi ya umeme, ambayo huua misuli ya moyo na kuiacha mishipa ya fahamu ikiwa na majeraha machache kuliko moto. Kama kuharibu neva ndiyo siri ya kupona, njia hii ingepaswa kushindwa. Haikushindwa. Jaribio la ADVENT la mwaka 2023, lenye wagonjwa 607, lilionyesha kuwa matokeo yake ni sawa na ya moto au baridi kali.

Basi mizani yangu ni hii. Mishipa ya fahamu ina sehemu yake katika ugonjwa, lakini kuiunguza hakujathibitishwa kuwa ufunguo. Neva huweza kuota upya, na makovu ya moto huweza kuzaa vurugu nyingine. Mtu akikuuzia tiba hii kana kwamba ni neno la mwisho, mwulize swali la pili.

Kwetu hali ni nyingine

Sasa turudi nyumbani. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliofuatilia wagonjwa wa fibrilesheni ya atria waliofika hospitali katika nchi 46 ulichapisha matokeo yake mwaka 2016. Barani Afrika, wagonjwa 20 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki katika muda wa mwaka mmoja. Katika Amerika Kaskazini, Ulaya Magharibi na Australia kiwango kilikuwa nusu ya hicho. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kila watano barani Afrika alikuwa na vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ilhali Amerika Kaskazini walikuwa wawili tu kwa kila 100.

Tuseme basi kuna mama wa miaka 45 huko Mashuuru. Utotoni aliumwa koo, viungo vikamvimba, akapona bila kupewa penisilini. Homa ile ikamwachia kovu kwenye vali ya moyo. Vali imesinyaa, chumba cha juu kimetanuka kwa kusongwa na damu, na sasa kinatetemeka. Kumwunguza mama huyu mishipa ya fahamu hakutaifungua vali yake. Majaribio niliyoyataja hayakubuniwa kwa ajili ya wagonjwa wa aina yake. Anachohitaji ni mtu wa kumshika mkono na kugundua kuwa mpigo wake ni ovyo, kipimo cha umeme wa moyo, picha ya vali, dawa ya kuzuia damu kuganda, na rufaa ya upasuaji ikibidi.

Hata kuhusu dawa, hali yake si sawa na ya mgonjwa wa Ulaya. Vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda, kama rivaroksabani, husifiwa kwa kuwa havihitaji kupima damu kila mara. Lakini jaribio la INVICTUS la mwaka 2022, lililowashirikisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa vali za rumatiki katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, lilionyesha kuwa dawa ya zamani na ya bei nafuu, warfarini, iliwalinda vizuri zaidi. Vifo vilikuwa vichache kwa waliotumia warfarini. Kwa hiyo kipya si lazima kiwe bora. Kwa mgonjwa asiye na ugonjwa huo wa vali, vidonge vipya vinafaa, na tangu mwaka 2019 vimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani.

Warfarini ina masharti. Mgonjwa lazima apimwe damu mara kwa mara ili kipimo kiitwacho INR kibaki kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu huganda. Kikipanda, damu humwagika. Usiache kula sukuma wiki au managu, ila usile nyingi leo na kuziacha kabisa juma lijalo, kwani mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa. Mwambie daktari kuhusu mitishamba unayotia kwenye supu. Mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema, maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na kama umepewa aspirini peke yake kwa ajili ya fibrilesheni, rudi ukaulize, kwa sababu aspirini haichukui nafasi ya dawa hizi.

Je, masharti hayo yanawezekana nje ya Nairobi? Jibu lipo Eldoret. Katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, kliniki inayoongozwa na wafamasia imekuwa ikiwasimamia wagonjwa wa dawa hizi, wakiwamo wa mashambani. Hakukuhitajika mashine ya mamilioni, bali mfamasia aliyefunzwa, kipimo cha damu na daftari la kumfuatilia anayekosa kurudi.

"Mbona sisi ndio wa kungoja?"

Najua wapo watakaouliza hivyo, na swali lao ni la haki. Mkenya hakuumbwa apewe warfarini huku wengine wakipewa mitambo. Kuunguza duara la mishipa ya mapafu ni tiba iliyokubalika kwa mtu anayeteswa na dalili huku dawa zikishindwa, na zipo hospitali chache kubwa za Nairobi zinazotibu matatizo ya umeme wa moyo kwa mrija. Jaribio la EAST-AFNET 4 la mwaka 2020 nalo lilionyesha kuwa kuurejesha mpigo wa kawaida mapema, kwa dawa au kwa mrija, hupunguza vifo vya moyo na kiharusi. Serikali isomeshe mabingwa zaidi wa fani hii, na hospitali zetu za rufaa zishiriki majaribio ili majibu yawahusu na watu wetu.

Ninachokipinga ni kuruka ngazi. Jaribio la CABANA la mwaka 2019, lenye wagonjwa 2,204, lilionyesha kuwa tiba ya mrija iliwapa watu nafuu ya dalili na maisha ya raha zaidi, lakini haikuthibitisha kuwa inapunguza vifo na viharusi kuliko dawa. Mrija wenyewe una hatari zake: kutoboa moyo, kusababisha kiharusi, kuvuja damu pajani. Familia inayoitisha harambee kwa ajili ya safari ya India ilhali mgonjwa hajawahi kuanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda inajenga paa kabla ya msingi. Hata baada ya kuunguzwa, dawa hiyo huendelea kwa angalau miezi 2 hadi 3, na kwa wengi zaidi ya hapo, kulingana na hatari ya kiharusi aliyo nayo mgonjwa.

Ufanye nini wewe?

Anza na vidole vyako. Weka viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa kiwiko cha mkono, uhesabu kwa dakika nzima. Mpigo mzuri hufuatana kama hatua za mtu anayetembea. Ukiruka mara moja moja, usitishike. Ukiwa hauna mpangilio kabisa, nenda ukapimwe umeme wa moyo. Wafanyie hivyo wazazi wako mnapokwenda kuwaona.

Pima presha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya Wakenya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa, na presha ni miongoni mwa visababishi vikuu vya fibrilesheni. Daktari aichunguze tezi ya shingoni pia, kwani ikizidisha kazi huuvuruga moyo.

Kwa wapenzi wa nyama choma na chupa za Kitengela, ninayo takwimu moja. Katika jaribio la Australia la mwaka 2020, wagonjwa 140 waliokuwa wanywaji waligawanywa mafungu mawili. Waliotakiwa kuacha pombe, ugonjwa uliwarudia asilimia 53. Walioendelea kunywa, asilimia 73. Tofauti hiyo ni ya pointi 20, na haikuhitaji mrija wala moto.

Mtoto akiumwa koo na kupata homa, mpeleke kituo cha afya badala ya kumpa maji ya chumvi pekee. Daktari akiona ni bakteria, penisilini ya mapema inaweza kumwepusha na vali mbovu ya kesho.

Na iwapo unashauriwa kuunguzwa mishipa ya fahamu, uliza maswali manne. Je, vali zangu zimepigwa picha? Je, dawa zimejaribiwa ipasavyo? Je, nitaunguzwa duara la kawaida au vifundo vya neva, na ushahidi wake ni upi kwa mgonjwa kama mimi? Je, nani atanifuatilia nikirudi nyumbani? Daktari mwema hatachukizwa na maswali hayo.

Tudai nini?

Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo mlango wa kubisha haupo mbali. Wakazi wa Kajiado wana haki ya kuuliza kama kila anayepimwa presha hushikwa mpigo pia. Kama Mashuuru, Isinya na Kitengela zina kipimo cha umeme wa moyo kinachofanya kazi na mtu wa kukisoma. Kama mgonjwa wa warfarini anaweza kupima INR bila kupanda matatu hadi Nairobi. Na kama penisilini ya sindano haikauki katika stoo. Nayo Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, iulizwe inalipia nini hasa katika safari hii ya mgonjwa, kwa maana makato ya asilimia 2.75 ya mshahara hayamsubiri mtu apone.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni mkuukuu lakini unafunika: kushika mpigo, kupima presha, dawa ya damu, penisilini. Msala upitao ni mzuri wa kutazama, na huenda siku moja ukatandikwa kwetu pia. Siku hiyo ikifika, utawafaa tu wale watakaokuwa hai na wenye viungo vyote viwili, kulia na kushoto. Leo jioni mshike mzee wako mkono, uhesabu.